Dume langu lilijificha nyuma ya tangi siku mbili, nikadhani amechoka tu

BintiChumbageni (Jumatano, saa 2 usiku)

Habari za jioni wanajukwaa. Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili, leo nimeona niliandike hapa kwa sababu najua wengi tunafuga paka na hakuna aliyetufundisha.

Nilikuwa na paka dume akiitwa Kijoti. Miaka minne. Rangi ya mchanga wa pwani, mkia una kipingili mwishoni. Nilimwokota soko la Ngamiani akiwa anaenea kiganjani. Mama akianza kupara samaki uani, Kijoti ndiye wa kwanza kufika, hahitaji kuitwa.

Jumamosi asubuhi nilimwona anachutama kwenye mchanga wa maua. Akatoka. Akarudi akachutama tena. Nadhani mara nne au tano kabla ya adhuhuri, na kila mara anajilamba sana huko chini. Mama akasema tumbo limefunga, mpe mafuta. Nikampa kijiko cha mafuta ya kula. Jioni mama alipara vibua, Kijoti hakuja.

Jumapili nilimkuta nyuma ya tangi la maji, kwenye kile kiupenyo kati ya tangi na ukuta, amejikunyata juu ya saruji ya baridi, miguu yote imeingia chini ya kifua, macho nusu. Nilipomgusa akaanza kunguruma, ule mngurumo wao wa kubembelezwa. Ndio ulionidanganya. Nikasema, huyu ana joto tu, anapenda ubaridi wa pale. Jirani akaongeza kuwa dume likifuata majike hupigwa na wenzake, mwache apumzike. Nikamwekea maji, nikamwacha apumzike.

Jumatatu nilienda kazini. Niliporudi alikuwa amejisukuma ndani zaidi, ametapika povu, masikio ya baridi, na tumbo kwa chini gumu kama chungwa bichi. Tulipata daktari kwa simu, tukatoka naye kwenye kanga yangu. Alikata roho njiani. Daktari alimpapasa, akaniambia neno ambalo linanirudia kila nikilala: “Huyu hakuanza kuumwa leo. Alianza Jumamosi, pale kwenye mchanga.” Mkojo ulikuwa umeziba.

Swali langu kwenu. Kwa nini wanajificha? Mimi nilikuwa hapohapo, ninampenda, angekuja tu miguuni pangu akalia ningemkimbiza hospitali siku ileile. Na je, ni kweli wanavyosema wazee, kwamba paka akihisi kifo anaondoka mwenyewe?

MamaTatu (saa 2 na dakika 40)

Pole shoga yangu. Pole sana. Nimesoma nikamwangalia wangu hapa amelala juu ya cherehani.

Bibi yangu wa Pangani alikuwa akisema paka hafii mbele ya aliyemlisha, anaona haya kumwachia mzigo wa kumzika. Sisi tulikua tunaamini hivyo, na kweli paka watatu wa pale nyumbani hatukuwahi kuwaona wakifa. Walitoweka tu. Kwa hiyo usijilaumu, huenda alikuwa anakuaga kwa njia yake.

Kwato na Pembe (saa 3 na robo usiku)

Dada BintiChumbageni, pole kwa msiba. Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi yangu kubwa ni ng’ombe na kuku, lakini paka ninaoletewa wanaongezeka, na karibu wote wanaletwa wamechelewa kwa sababu hiyohiyo uliyoisimulia. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, huyu tunayemwita kimburu, na bado yumo kwenye mapori yetu. Kimburu anawinda peke yake, hana kundi. Na yeye mwenyewe ni windo: chui anamla, chatu anamla, tai anamnyakua. Sasa fikiria mnyama wa namna hiyo amevunjika mguu. Akilia, hakuna ndugu wa kuja. Atakayeisikia sauti ni yule anayetaka kumla. Akichechemea peupe, hamalizi siku. Waliosalia na kuzaa ni wale walionyamaza wakatafuta tundu la kuegemeza mgongo. Kijoti amezaliwa sokoni Ngamiani na amekula vibua maisha yake yote, lakini mwili wake haukuliacha hilo pori.

Ng’ombe naye huficha maumivu, ila ng’ombe yuko kundini. Amebaki nyuma, hatafuni, unamwona. Paka hana kundi la kubaki nyuma yake. Ndiyo maana Waswahili wana neno “mficha maradhi kifo humwumbua”, na kwa paka neno hili ni la kitabibu kabisa.

MamaTatu, kwa heshima zote kwa bibi, hapo sikubaliani. Paka haendi kufa. Anakwenda kujilinda. Kifo kinamkuta huko kwa sababu ameshakuwa mgonjwa sana kabla hajajificha. Imani ile ina madhara kwa kuwa inatufanya tukae chini tumwache, wakati ndio saa za kumtafuta.

Kuhusu mkojo. Paka dume ana mrija mrefu na mwembamba sana, na kwenye ncha unabana zaidi. Chembe kama mchanga na ute vikikusanyika, unaziba kama mfereji. Figo zinaendelea kutengeneza mkojo, hauna pa kutokea, sumu inarudi kwenye damu, madini ya potasiamu yanapanda mpaka moyo unasimama. Siku mbili au tatu, wakati mwingine hata moja inatosha. Jike hupatwa kwa nadra. Kwa hiyo DUME linalochutama mara kwa mara bila tone kutoka, wewe usiite tumbo kufunga. Ni dharura ya usiku huohuo, na daktari akiwahi kumwekea mpira na dripu, wengi wanapona. Mafuta hayamsaidii, na wala hayakumuua. Muda ndio uliomuua.

Na ule mngurumo: paka hunguruma akiwa na raha, na hunguruma pia akiwa na maumivu makali, hata akikaribia kufa. Mngurumo usikupe ruhusa ya kuondoka. Mtazame uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa paka: masikio yanavyotazama nje na kulala, macho yanavyobanwa, mdomo na pua vinavyokakamaa, masharubu yanavyonyooka, na kichwa kinavyoshuka chini ya usawa wa mabega. Ulivyomweleza Kijoti wako, macho nusu, miguu imeingia chini ya kifua, mimi ningesema palepale huyu anaumia.

BintiChumbageni (saa 3 na nusu)

Nimesoma mara mbili. Ahsante daktari. Inauma lakini ahsante. Sikujua kabisa kwamba mngurumo ni wa maumivu pia.

MwanaLamu (saa 4 usiku)

Salaam aleikum. Mimi ni mtu wa Lamu, na huku paka ni wengi kuliko watu wa mtaa, wengi hawana mwenyewe. Ukikaa barazani miaka yote hii unajifunza.

Naunga mkono daktari na naongeza jambo. Sisi tunasema “paka ameondoka kufa” kwa sababu tunawahesabu waliokufa tu. Kulikuwa na jike moja la madoa, likila pale penye wavuvi, likapotea baada ya kuangukiwa na mbao. Kila mtu akasema limekwenda kufa. Siku ya tisa likatokea kutoka kwenye gofu moja, mbavu nje, linachechemea, likafika kwenye samaki. Lilijificha vilevile kama wale wengine, na likapona. Huyo akirudi hatusemi “alikwenda kupona”, tunasema alikuwa matembezini.

Mahali pao huku: chini ya mashua zilizopinduliwa, matundu ya kuta za mawe, chini ya ngazi, kwenye magofu. Siku zote ni pembamba, pana giza, mlango mmoja. Na si kila anayejificha ni mgonjwa. Jike lenye mimba ya siku sitini na kitu litaingia kabatini kwako lizae kwenye nguo zako za Idi.

Nyegezi_Kwetu (saa 4 na dakika 20 usiku)

Jamani naomba msaada SASA. Nimefika kwenye uzi huu kwa kutafuta. Paka wangu dume, miaka mitatu, anaitwa Sato, hajahasiwa. Yupo uvunguni mwa kitanda tangu jana usiku. Leo hakula kitu. Nimemmulika na tochi ya simu ananitazama tu. Nikinyoosha mkono ananiguna. Niko Mwanza, saa hizi nani atanifungulia?

FundiRama (saa 4 na dakika 26)

Mkuu usihangaike, kama ana homa mpe robo ya panadol asubuhi na jioni kama mtoto mdogo. Saga uchanganye na maziwa. Atatoka mwenyewe.

Kwato na Pembe (saa 4 na dakika 29)

HAPANA. Nyegezi, usimpe. Fundi Rama, ndugu yangu, najua nia yako ni njema, lakini hiyo ni sumu ya paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja parasetamo kama ini la mtu. Inaharibu damu mpaka haibebi hewa: fizi zinakuwa za kahawia au buluu, uso na nyayo vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuua paka mzima, na paka hana kipimo chochote cha dawa hiyo kilicho salama. Ibuprofen na diclofenac nazo weka mbali. Na dawa ya kupe ya ng’ombe au ya mbwa usimpake, hata tone.

Nyegezi, tulia unijibu. Moja, kaa umbali, mulika pembeni si machoni, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Pili, anapumua mdomo wazi? Tatu, umemwona akikojoa leo, au kuna mkojo popote? Nne, ana jeraha au uvimbe? Usimvute kwa mguu.

Nyegezi_Kwetu (saa 4 na dakika 47)

Pumzi 14 kwa nusu dakika, kwa hiyo 28. Mdomo umefungwa. Mkojo, nimenusa kwenye ndoo ya mchanga, upo, umelowa wa leo, naona bonge kubwa tu kama kawaida. Jeraha silioni, ila amekaa ubavu mmoja, upande wa mkia hataki uguse sakafu. Kuna paka shume wa jirani waligombana naye Jumapili, nilisikia kelele juu ya bati.

Kwato na Pembe (saa 4 na dakika 55)

Vizuri. Umetupa usiku mmoja. Pumzi chini ya 30 ni nzuri, ingekuwa juu ya 40 akiwa ametulia, au mdomo wazi kama mbwa, ningekuambia amsha daktari yeyote sasa hivi. Anakojoa, kwa hiyo si kama Kijoti.

Bila kumwona siwezi kuapa, lakini nahisi ni jipu la kung’atwa. Jino la paka ni jembamba, linachoma tundu dogo linaloziba juu, usaha unabaki ndani. Siku mbili hadi nne baadaye anapata homa, anagoma kula, anajificha. Jumapili mpaka leo inalingana.

Usiku huu mwache hapohapo, funga mlango wa chumba ili asihamie darini. Weka maji karibu, siyo puani pake. Usifukizie ubani, usipulize dawa ya mbu humo. Asubuhi chukua boksi, toboa matundu, tandika kanga au fulana uliyoivaa, lilaze ubavu mdomo wake ukielekea kwake, kisha nyanyua godoro na chaga taratibu upande wa nyuma. Paka aliye wazi ghafla huingia kwenye giza lililo karibu. Lisimamishe, funika. Vaa mikono mirefu.

Na hili ni kwa wote: paka mwenye maumivu anang’ata hata aliyemlea. Kwetu kichaa cha mbwa kipo, na paka nao hukipata. Ukiumwa au kuparuzwa na damu ikatoka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Sato amechanjwa?

Nyegezi_Kwetu (saa 5 kamili)

Amechanjwa kichaa cha mbwa mwaka jana, wakati wa zoezi la mbwa walimchanja naye. Sawa daktari. Ninalala sakafuni chumbani humu.

FundiRama (saa 5 na nusu usiku)

Nimekaa nikiangalia jibu la daktari. Mwaka juzi nilimpa paka wa mama mkwe wangu panadol. Alikuwa na mafua. Kesho yake uso ulivimba, na nakumbuka fizi, mama mkwe alinionyesha, zilikuwa rangi ya chai ya rangi. Alikufa usiku. Tukasema ni ugonjwa wa mafua umeshuka kifuani. Mpaka leo nilikuwa sijaunganisha.

Naomba radhi kwa nilichoandika juu. Modereta, kama inawezekana, liache lisomeke pamoja na jibu la daktari, wengine wajifunze.

MamaTatu (Alhamisi, saa 12 asubuhi)

Mwanangu FundiRama, hukujua. Sote tulikuwa hatujui.

Na mimi nimewaza usiku kucha juu ya wale paka watatu wa Pangani. Mmoja tulimwona anakunywa maji sana, siku nyingi, akakonda mgongo ukawa kama msumeno, tukasema uzee. Halafu akatoweka. Hatukumtafuta hata kidogo. Tulikuwa tunamwachia heshima yake.

Kwato na Pembe (saa 12 na nusu asubuhi)

Mama, kunywa maji sana na kukonda kwa paka mzee mara nyingi ni figo, au kisukari, au tezi ya shingo. Bibi hakuwa na mahali pa kumpeleka zama zile. Leo wengi tunapo, ingawa si kila wilaya.

Kayole4thFloor (saa 2 asubuhi)

Niaje wadau, niko Nairobi. Hii story imenigusa. Mwaka jana paka wangu alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne. Nilishuka mbio, hakuna paka. Nilizunguka mtaa mzima nikiita, nikabandika karatasi kwa vioski mpaka stage. Siku nne.

Shosho mmoja wa ground floor ndiye aliniambia niache kuita, nitafute karibu, usiku, watu wakilala. Saa nane usiku nikamulika chini ya ngazi, nyuma ya mitungi ya gesi, nikaona macho mawili yanang’aa. Hatua kumi na tano kutoka pale alipoanguka! Nilikuwa nimepita hapo mara mia nikiita jina lake na hakujibu hata mara moja. Taya ilikuwa imevunjika. Nilimpeleka kliniki ya wanyama pale chuo, Kabete, wakaishona kwa waya, na sasa anakula omena bila shida.

Kwa hivyo yule anasema “paka wangu amepotea”, kwanza toa kila kitu kwa nyumba. Friji, kabati, sofa chini ile sehemu ya kitambaa wanapasua wanaingia.

Kwato na Pembe (saa 2 na dakika 20)

Shosho anajua kuliko vitabu vingi. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu paka zaidi ya 1,200 waliopotea: robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotokea. Aliyeumia huwa karibu zaidi, na hajibu akiitwa kwa sababu zilezile tulizosema jana.

BintiChumbageni (saa 4 asubuhi)

Nyegezi vipi? Nimeamka na huyu Sato kichwani.

Nyegezi_Kwetu (saa 9 alasiri)

Nimerudi. Samahani kwa kimya, simu ilizima.

Boksi limefanya kazi, nilinyanyua chaga akaingia mwenyewe. Nilienda ofisi ya mifugo, yule bwana kwanza alisema yeye ni wa ng’ombe, nikamwonyesha uzi huu, akacheka, akapima. Homa 40.3. Akanyoa manyoya chini ya mkia, pakawa na matundu mawili madogo sana, ungeweza kudhani ni kiroboto. Alipopasua usaha ulitoka wa kujaza kifuniko cha soda, na harufu sitaisahau. Ameosha kwa maji ya chumvi ya dripu, amemchoma sindano, na amenipa dawa ya siku saba. Ameniambia akipona nimrudishe ahasiwe, vinginevyo tutakuwa tunaonana kila mwezi na yule shume.

Tumefika nyumbani akaenda moja kwa moja uvunguni tena. Nimwache?

Kwato na Pembe (saa 9 na dakika 30)

Kazi nzuri, wewe na huyo mwenzangu. Mwache, ila sogeza maisha yake kule: maji, chakula, ndoo ya mchanga, vyote mita moja kutoka alipo. Mpe kitu chenye harufu, dagaa waliochemshwa bila chumvi, na mchuzi wao wa vuguvugu. Asipokula mpaka kesho mchana, rudi. Paka mzima akikaa siku mbili tatu bila chakula, hasa mnene, mafuta yanavamia ini na hapo unakuwa na ugonjwa wa pili. Dawa umalize siku zote saba hata akianza kurukaruka.

Nyegezi_Kwetu (Ijumaa, saa 1 asubuhi)

Amekula. Dagaa sita, nimewahesabu. Ametoka mwenyewe saa 11 alfajiri akanikanyaga kifuani nikiwa sakafuni, akaenda kwenye bakuli.

MwanaLamu (saa 1 na robo)

Alhamdulillahi.

BintiChumbageni (saa 1 na dakika 20)

Amekojoa leo?

Nyegezi_Kwetu (saa 1 na dakika 24)

Mara mbili, dada. Nimeangalia kwa ajili ya Kijoti.